Maji ya Mujomba Jéthro na Sombe ya Mama

Mama Godelive wa redio,

Hii neno sijaambia mutu hata mumoja, ndiyo maana ninakuandikia, kwani nikisimama kusema sauti inapotea. Niko binti wa miaka kumi na sita. Vita ilipofika Kirumba, mujomba Jéthro, ule aliingia ba-Maï-Maï, bapiganaji ba kwetu, alituita nyuma ya nyumba, mimi na kaka yangu Précieux, akiwa na bidon ya maji yenye majani, akasema ni dawa ya kuzuia masasi, "mais kuanzia leo musikule sombe, mukikula, dawa itatoka." Précieux akakataa: "Mimi nilishabatizwa." Na mimi nilibatizwa Pasaka, mutoni, mama akilia kwa furaha, lakini masasi yalikuwa karibu, nikafunga macho, nikaleta kichwa, akanimwangia. Tukakimbia mpaka Musienene, masasi yakipita juu yetu, tukafika bazima wote wawili, halafu huku Butembo pasteur akaniita nitoe ushuhuda, nikasema Yesu ndiye alinikinga, kanisa yote ikaitika Amina, na mimi sikujua kama ni yeye ao ni ile maji. Mpaka leo mama akitwanga majani ya muhogo ya sombe nasema tumbo inaniuma, nisikule. Précieux ananicheka: "Mademoiselle wa Butembo, sombe ni chakula ya bale ba Kirumba, hein?" Jumapili ni Meza ya Bwana. Nimeokoka kweli, ao nilishapotea? Nasikia miguu ya mama mulangoni, anaita tukule, naficha karatasi.

*

Mwana wangu,

Pumua kwanza. Kuogopa masasi hapana zambi. Petro aliogopa maneno ya kijakazi tu, na Bwana alimutafuta tena. Mais ushuhuda wako ulikuwa nusu, unajua, ndiyo sababu roho inakuchoma. Mushukuru Mungu kwa huo uchungu. Aliyepotea kabisa hasikii kitu.

Sasa nikuulize: Précieux alimwangiwa maji na nani? Hapana mutu. Masasi yalimukamata? Hapana. Donc ulikuwa unangojea jibu gani kwangu? Unauliza kama Yesu ni Bwana wako, na kila siku mezani unatii bidon! Ile maji ilikauka njiani. Woga ndiyo ulibaki.

Wokovu hapana dawa ya kutoka mutu akikosa sharti. Ulimuacha Bwana nyuma ya nyumba, yeye akakimbia na wewe mpaka Musienene.

Usiende mbele ya kanisa kuokoka upya, usiombe ubatizo wa pili. Ambia mama yako leo. Alilia mutoni, atalia tena, haitamuua. Ambia pasteur mbele ya Jumapili. Na sombe ikiletwa, uombe wewe mwenyewe, kwa sauti, macho wazi, ukule. Ukimaliza, nyoosha sahani, wakuongeze.