Nzi Waliofuturu

Langoni, Amu,
Mwezi 24 Ramadhani
(27 Mei 1954)

Mpendwa kaka yangu Jeilani,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Kampala? Kile kifua kimepoa, ama baridi yakutesa bado? Sisi wazima, alhamdulillahi, na saumu yatuendea vyema. Ila mimi moyo hautulii tangu juzi.

Barua yako imefika leo. Wasema Jumatatu utasimama mbele ya walimu wako uwaeleze kwamba njaa haibadilishi namna nzi wa matunda anavyoona. Mwenye njaa na aliyeshiba wote huiendea alama nyeusi sawasawa. Leo Alhamisi. Basi ushasimama, ushasema. Mama kafurahi, kamwita Bi Radhiya wa jirani aje asomewe.

Laiti ungalingoja!

Nilifanya ulivyoniagiza. Chupa mbili, karatasi nyeusi ubavuni, hawa wapate ndizi, hawa wasipate kitu kutwa kucha, na asubuhi nihesabu wangapi wameiendea karatasi. Siku zote saba nilizokutumia hesabu zake, chupa zililingana. Niliona ajabu, lakini mimi nani nibishane na elimu?

Juzi, adhana ya magharibi yalia, nikamuona Mama afunua kitambaa cha chupa ya wenye njaa. Akadondosha kipande cha tende, akawasomea bismillahi, ndipo naye akafuturu. Mtume! Nikamuuliza, tangu lini?

"Tangu mwezi mosi Ramadhani," akanijibu. "Daku ikisha naitoa tende, wafunge nasi. Wewe wafuturu. Wao wana kosa gani?"

Kaka, hao wenye njaa hawakuwa na njaa hata siku moja. Nimwambie nini Mama? Nikisema ameiharibu kazi yako, atalia mpaka Idi. Nikinyamaza, wewe umewapa watu wa elimu neno lisilo kweli. Hata kurudia siwezi, kwani jana niliiziba chupa, na jioni nikaikuta tende ndani. Maji yamemwagika, na mimi sina chombo cha kuzolea. Nisamehe.

Baba akusalimu, na shangazi Tima, na Jaafar aliyetoka Shela jana. Mola akusitiri mbele ya wenye kukuhoji.

Mama yuko hapa ubavuni, ashona kofia yako ya Idi. Asema nikuandikie hivi hivi: "Wageni wako wa chupani tumewatunza, mwanangu. Hapana alolala na ndaa."

Ni mimi nduguyo nikupendaye, nisiye na uso wa kukutazama,
Khairiya