Vumbi la Chumba cha Bahati

Jumatatu, 2 Juni. Mbarara.
Napitia tena mada yangu ya Alhamisi chuoni. Vumbi la angani. Ndani ya mawingu ambamo nyota huzaliwa, chembe ndogo mno hugongana. Kwa kasi, zinavunjika. Polepole, zinanata. Mama akapiga simu kutoka Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Mtu aliyerudi Fizi, kwetu Kongo, pamoja na kaka yangu Bahati, kuangalia shamba la Baba, amefika peke yake. Anasema alimzika Bahati. Mama anamwita mwongo. Mimi naogopa kwamba anasema kweli.

Jumanne, 3 Juni. Kashojwa.
Kwetu hatufagii nyuma ya msafiri mpaka aseme amefika, tusije tukamfagia na yeye. Bahati aliondoka kiangazi kilichopita. Hakupiga simu. Chumba chake hakijaguswa. Watu wa kanisa wanataka matanga, wameniomba nifagie. Mama akasimama mlangoni.
"Usifagie kwanza. Hajatuambia kama alifika."
Nilichungulia. Alama za kandambili zake bado zipo sakafuni, lakini vumbi linazijaza. Hata bila ufagio anafutika. Nilikasirika, sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 4 Juni.
Kuna mtu anakohoa mle chumbani. Kikohozi kikavu, cha Bahati. Mama naye anasikia. Hatutazamani.
Ili tu niseme kitu, nikamweleza mada yangu. Gizani, penye baridi kali, kila chembe huvaa barafu, na barafu ndiyo inayozinatisha mpaka zinakua. Akauliza vumbi lenyewe linatoka wapi. Nikasema sehemu kubwa hutoka kwa nyota zilizokufa. Nilitamani kuyameza maneno yangu.
Mama akaleta maji kwenye bakuli, akanyunyiza sakafu vumbi lisiruke. Akafagia mwenyewe, kutoka ukutani hadi mlangoni. Vumbi lililolowa likawa madonge. Hakutaka msaada.
Kikohozi kimekoma. Hilo linanitisha zaidi.
Naondoka jioni hii. Nitarudi Jumamosi kwa matanga.

Alhamisi, 5 Juni. Mbarara.
Nimetoa mada. Jana simu ilizimika njiani, nikaiwasha leo baada ya darasa. Mama alikuwa amepiga mara nyingi. Nikampigia, nikamwambia nimefika.
Akasema, "Sema tena."
Nikasema tena.