Mama Iko Nalia

Shangazi yangu mpendwa,

Tangu uhamie Aru, ng'ambo ya mpaka, na vitenge vyako, sina mtu wa kunung'unika naye. Basi leo nanung'unika kwa kalamu.

Unakumbuka sinema ile pale Koboko, Jumamosi mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi? Bwana Yosia, anayezunguka na mashine ya sinema, alishika kipaza sauti kututafsiria Kiingereza. Mwanamume alipozungumza, tulipewa kila neno, hata kikohozi chake. Kisha yule mama muuguzi akasimama mbele ya wakubwa wa hospitali, akasema mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Bwana Yosia akatuambia, "Mama iko nalia."

Ukasimama.

"We Yosia! Mdomo yake natembea mpaka karanga yangu nakwisha, wewe nasema nalia tu? Machozi iko wapi?"

"Mama, kaa chini. Wanawake ya sinema nalia. Ni kazi yao."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nikafunika uso kwa leso, nikajifanya sikujui. Nisamehe, Shangazi. Kiingereza kile nilikielewa. Yule mama alikuwa akisema kwamba dawa zimeibwa kabatini na aliyeziiba anamjua. Hakutoa chozi hata moja. Nilijua, nikanyamaza.

Sasa nimechoka. Hapa shuleni Arua, Bwana Yosia ametuonyesha sinema tatu muhula huu. Bibi harusi iko nalia. Mwalimu iko nalia. Hata mwanamke aliyekuwa akiendesha lori, usukani mkononi, anamgombeza polisi, naye iko nalia! Kwenye matangazo ya redio ni kinyume: huko mwanamke anacheka, tena anachekea sabuni.

Jumatatu nilimfuata, nikamwomba anipe kipaza sauti kila mwanamke anapozungumza.

"Wewe mtoto, sauti yako nafika nyuma?"

"Ya shangazi yangu ilifika, Koboko."

"Aa! Ile mama ya karanga!" Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akakubali. Jumamosi ijayo, mchana, analeta sinema ile ile ya muuguzi.

Njoo, tafadhali. Keti nyuma kabisa, na karanga zako. Nitatamka kila neno la yule mama, na sauti yangu isipofika, simama upige kelele kama siku ile. Leso nitaiacha bwenini.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
anayekujua mbele ya watu wote.