Chapeo Niliyoigonga Chapa Yako

Fundi Amosi,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu bado wanaitikia marahaba, ila mimi siwezi kufungua mdomo mbele yako bila salamu, hata ukiwa chini ya udongo wa Kongwa. Ni mimi Ramadhani, mtani wako, uliyeniita Mpagazi miaka saba yote kwa sababu babu yangu Mnyamwezi aliingia nchi hii ya Wagogo na mzigo kichwani. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa karakanani, nimekalia pipa lako. Nisamehe kwa hilo pia. Mengine ya kukuomba msamaha ni makubwa kuliko pipa.

Nilikusingizia, Fundi. Niseme hapo hapo kabla sijaanza kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikusingizia ukiwa na wiki sita tu kaburini, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu zote.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza, maana ulikuwa hupendi mtu anayeingia na shida kabla ya kusema mvua imenyesha. Mvua imenyesha. Si sana, lakini uwele wa mkeo Mama Eliya nyuma ya nyumba umesimama vizuri. Eliya amerudi Dodoma mjini kazini kwake. Mvukuto umetoboka pale pale ulipouziba na kandambili, nami nimeuziba tena na kandambili nyingine. Wateja wa majembe na mageti bado wanakuja. Wateja wa chapeo hawaji tena, na hao ndio ninaotaka kukueleza.

Unakumbuka siku Mwalimu Kasiani alipokuja mara ya kwanza? Mtu mzima, mwalimu wa chuo Dodoma, amesoma Ulaya, anashuka kwenye gari na kukuonyesha picha za watu waliovaa chuma toka utosini hadi magotini, wanapigana kwa mapanga. Akasema huko alikosoma ni mchezo, watu wanajivika kama askari wa Kizungu wa mamia ya miaka iliyopita, na yeye sasa ana kundi la vijana wanaotaka kuucheza hapa hapa Dodoma. Uliitazama ile picha muda mrefu. Kisha ukaniuliza mimi, si yeye, "Mpagazi, hawa watu wana ugomvi gani?" Kasiani akajibu hawana ugomvi wowote, wanacheza. Ukamgeukia. "Basi siku wakigombana watavaa nini?"

Nilidhani utamfukuza. Badala yake ukamwambia aache picha zake mezani. Kila kipande kilikuwa na jina la Kizungu, wewe ukayatupa yote ukaweka uliyoyasikia kanisani tangu utoto: cha kichwani chapeo, cha kifuani dirii, cha mkononi ngao. Mimi Mwislamu nikajifunza maneno ya kanisani juu ya fuawe, na ukawa unanitania kwamba nikizubaa utanibatiza kwa ndoo ya kupozea chuma.

Tulikosea mengi mwanzoni. Dirii ya kwanza iliingia mwilini ikakataa kutoka, tukakutoa humo na Mama Eliya kwa kukuvuta miguu. Lakini ukajifunza. Ukachimba kigogo cha mkwaju mpaka kikawa kama bakuli, ukawa unafulia bati nene humo polepole mpaka linaumuka lenyewe. Kingo ukazikunja nje ili panga lisipate pa kukwamia. Panga lenyewe ukalifanya butu, ncha ukaiviringa kama kidole gumba, ukalipitisha juu ya mkono wako mwenyewe kabla ya kumpa mtu. Na ribiti, vile vipini vifupi vya chuma vinavyoshikanisha vipande, ulivitengeneza mwenyewe toka nondo. Ulivipasha moto, ukavigonga huku na huku mpaka kila kimoja kikawa na vichwa viwili. Ulisema ribiti ya kununua inajua bei yake tu, haijui kazi yake.

Ukaweka na sheria. Anayefua chapeo ndiye anayeivaa kwanza, na mwenzake anampiga akiwa nayo kichwani mara tatu kwa mpini wa sururu. Ya kwanza kabisa ulivaa wewe, ukakaa juu ya pipa hili, ukaniambia, "Piga, mtani. Leo umeruhusiwa na Mungu na serikali." Nikapiga. Ukasema ndani ya chuma, "Unafukuza inzi?" Nikapiga ya pili kwa nguvu zangu. Nikainama kuchungulia kama bado uko hai. Halafu sauti yako ikatoka, "Nasikia kengele ya kanisa, na leo ni Jumanne." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kucheka hivyo tena.

Kisha ukaugua kifua, na unajua mwenyewe ilivyokwenda haraka. Kasiani alikuwa ameagiza chapeo nane kwa ajili ya onyesho la Makutupora wakati wa mavuno ya zabibu. Uliziacha sita zimekamilika, mbili zikiwa bati tupu.

Msibani nilifanya utani wangu kama inavyotakiwa. Nililala kwenye kitanda chako nikasema marehemu amenirithisha mke. Nilivaa koti lako la kanisani nikaenda kuomba ugali kwa wapishi nikiwaambia nimefufuka na njaa, na mlenda sitaki. Watu walicheka huku wanafuta machozi, Mama Eliya naye alicheka. Halafu nikaingia karakanani nikachukua chapa yako, ile ya kugonga herufi A yenye nukta tatu kwenye chuma, nikaifunga kiunoni nikatangaza kwamba sitaitoa mpaka ikombolewe. Ni haki ya mtani. Mama Eliya akaniletea jogoo. Nikasema jogoo huyu amekonda kama mwenyeji wake, nataka mwingine, watu wakacheka tena. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, kila mtu akaenda kwake, na hakuna aliyekumbuka kwamba chapa bado iko kiunoni mwangu. Mimi nilikumbuka. Nilinyamaza tu.

Nilinyamaza kwa sababu Kasiani aliuliza, siku ile ile tuliyokuzika, kama mbili zilizobaki zitakuwa na mkono wako. Hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia ulikuwa umeshazimaliza, bado kusugua. Uongo wa kwanza huo, na haukuniwasha hata kidogo.

Nilizifua zote mbili kwa wiki moja. Bati lilikubali, sikudanganyi, ungelipapasa ungesema si vibaya. Nilipofika kwenye kinga ya uso, kile kipande cha mbele kinachofunguka na kufungwa, ribiti zako zilikuwa zimeisha na onyesho lilikuwa Jumamosi. Kutengeneza nyingine ni kazi ya siku mbili. Nikaenda dukani nikanunua zile laini za alumini, za kubana kwa koleo, ambazo mafundi wanashikizia kibao cha namba ya gari. Nikabana. Nikasugua. Nikagonga A na nukta tatu kwa nyuma, chini ya kisogo, mahali pako pale pale.

Na sikuvaa hata moja. Nilijiambia sina wa kunipiga. Fundi, Kongwa nzima imejaa watu ambao wangeacha shughuli zao kuja kunipiga kichwani kwa ruhusa! Sikuzivaa kwa sababu nilijua. Mkono wangu ulijua wakati nabana.

Makutupora watu walikuwa wengi, wachumaji wa zabibu na wake zao, watoto juu ya uzio. Chapeo yangu moja alipewa Gidioni. Unamjua, yule mrefu anayefanya kazi kwenye shamba la zabibu na kupiga tarumbeta kanisani kwao, aliyekuja hapa ukampima kichwa kwa kamba ukamwambia ana kichwa cha kubeba maji. Raundi ya pili panga la mwenzake likagusa kinga ya uso upande wa kushoto. Ribiti ikakatika, kinga ikafunguka kama mlango wa banda. Mwenzake alikuwa ameshainua mkono kwa pigo jingine na hakuwahi kuuzuia. Panga ni butu, ndiyo, lakini chuma ni chuma. Taya lake lilivunjika na meno manne yakang'oka.

Nilikimbia pamoja na wengine. Nilimshika kichwa wakati wanamvua. Kisha Kasiani akaigeuza ile chapeo, akaona chapa, akaniuliza mbele ya wote, "Hii ni ya Mzee Amosi?"

Nilikuwa na nafasi, Fundi. Damu ya Gidioni ilikuwa kwenye mikono yangu, kweli kabisa, wala si kwa mfano, na nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Ndiyo ya mzee. Mwishoni macho yalikuwa yamemwishia, alikuwa anapapasa tu."

Wawili watatu wakatabasamu. Wanajua mimi ni mtani wako, wakafikiri hata hapo nimeshindwa kujizuia. Wakasubiri nicheke. Sikucheka, ndipo wakaamini.

Wiki iliyofuata kundi zima likarudisha chapeo zako. Walizileta kwenye magunia wakazishusha hapa mlangoni kwa heshima, bila neno baya, Kasiani akaniambia pole. Alinipa pole mimi! Walipoondoka nilizitoa zako sita, moja moja, nikazigonga kwa mpini wa sururu mpaka kiganja kikachubuka. Hakuna iliyolegea. Hakuna ribiti hata moja iliyocheza.

Ningeweza kuishi na hilo. Nakueleza jinsi nilivyo, sitaki unidhanie vingine. Ningeweza kuzoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu, kama Mama Eliya asingekuja hapa Jumatano iliyopita kuazima kamba ya kufungia mbuzi.

Nikamuuliza mbuzi anakwenda wapi. Akasema huyu ni wa pili. Wa kwanza alishampeleka Makutupora mwezi uliopita, amempakia kwenye fuso la mahindi akakaa naye huko nyuma, mpaka kwa wazazi wa Gidioni. Alikaa chini kwenye mkeka wao akawaambia mume wake alikuwa haoni, na yeye kama mke alipaswa kujua, kwa hiyo kosa ni lake pia. Walimpokea vizuri. Lakini Gidioni alipitishwa pale ukumbini akila uji kwa mrija, na yeye akaona mbuzi mmoja ni dharau.

Akaendelea kuongea, Fundi, na ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Akasema sasa anakumbuka mambo. Jinsi ulivyomwaga chai siku ile ya kipaimara cha mjukuu. Jinsi ulivyojikwaa kizingitini. Jinsi ulivyomwita Eliya kwa jina la kaka yake. Akasema, "Alikuwa anapofuka mbele yangu, Rama, mimi nikadhani ni uchovu. Mke gani huyo?"

Chai uliimwaga kwa sababu mimi nilikusukuma kiwiko. Nilikuwepo.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, maneno yalinitoka nikiwa nimeshika kamba yake. Nikamwambia ya ribiti, ya kutozivaa, ya chapa, ya uwanjani. Nikaifungua chapa kiunoni nikaiweka mkononi mwake, naye akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuitazama. Nilingoja anipige. Nilitamani.

Akaniuliza, "Kumbe alikuwa anaona?"

Nikasema ndiyo, Mama. Mpaka siku ya mwisho uliona hata ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma.

"Kumbe alikuwa anaona," akasema tena, akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mkaa akalia, na Fundi, alikuwa anafurahi. Alilia kwa furaha kama mtu aliyepata barua yako. Mimi nimesimama na kamba. Kwa muda wote ule hakunikumbuka.

Aliponikumbuka, alinitazama vizuri. "Mtani anamtukana marehemu ili waliofiwa wacheke," akasema. "Hili lako lilimchekesha nani?"

Hajasema amenisamehe. Sijamwomba. Alichosema ni kwamba leo tunakwenda wote Makutupora, na Mwalimu Kasiani ameambiwa awepo. Amesema hatanisemea hata neno moja. Amesema atakaa kwenye mkeka ule ule aliokaa mara ya kwanza, nami nitakaa mbele yake ili anione.

Namsikia nje anamfungua mbuzi. Lazima nimalize.

Siahidi kwamba Gidioni atapiga tarumbeta tena, hilo halimo mikononi mwangu. Siahidi kwamba kundi litazivaa chapeo zako sita, ingawa nitaziweka mbele yao na kuwaomba. Nakuahidi dogo ninaloliweza. Wale ni watu wakarimu, na mimi ni mwoga unayemjua. Wakinikaribisha, wakiniita mwanetu, wakinimiminia chai, ulimi utalala tena. Kwa hiyo nitasema mlangoni, nikiwa nimesimama, kabla sijavua viatu, wajue ni nani wanayemkaribisha ndani.

Pumzika, Fundi wangu. Ulikuwa unaona.

Mtani wako,
Ramadhani