Sauti Ndani ya Kompyuta Mpya

Mpendwa Mwende,

Hapa Ziwani tu wazima, na babako amepona kikohozi. Umeniuliza kama niliogopa ile kompyuta ndogo ya bei nafuu uliyotununulia baada ya ile kuukuu kuharibika.

Niliogopa. Fundi alipoiwasha na kuingiza namba ya siri ya marehemu babu yako, sauti ya babu ikaniita kwa jina langu. Mashine hiyo yeye hakuwahi kuigusa! Fundi akanieleza kwamba sauti ambazo babu yako alirekodi kwenye ile kuukuu zilihifadhiwa mbali, kwenye mtandao.

Nikamkumbuka Kalondu, pacha wangu, aliyefariki tukiwa wasichana. Muda mfupi baada ya mazishi niliingia studio ya picha mtaani Shauri Moyo. Mpiga picha akatabasamu, akidhani mimi ndiye Kalondu. "Mbona umechelewa kuichukua?" akasema, akanipa picha ya Kalondu akicheka. Hatukujua kwamba aliwahi kupigwa picha pale. Nilitaka kuirudisha. Kisha nikaikumbatia, na machozi yaliyokataa kunitoka siku ya mazishi yakatoka.

Kwa hiyo fundi aliponiuliza, "Niifute sauti hii, shosho?" nilimwambia aiache. Siku hizi naifungua kompyuta mwenyewe asubuhi. Babu yako akiniita, naitika.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuombea.