Majani ya Bwana Tveit

Dada yangu mpendwa Lucille,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja una plasta, sababu utaisikia. Goti linaendeleaje? Naulizia la kushoto, maana la kulia najua halijawahi kumsikiliza daktari. Huku Wisconsin baridi imeshabisha hodi, paka mzima, nami ni mzima ila kwa aibu tu, na hiyo haina dawa.

Barua yako imenifika. Unasema umechoshwa na mateso ninayopata kwa majani ya mti wa jirani yangu, Bwana Tveit, ndipo ukaketi ukamwandikia barua nzito kama zile ulizokuwa ukizipiga chapa kwa wakili miaka thelathini. Asante sana kwa upendo wako. Na kwa heshima zote, dada, usimwandikie tena mtu kwa niaba yangu mpaka nife, na hata hapo ungoje kidogo.

Jumanne asubuhi nilikuwa natia kahawa kikombeni nikasikia mngurumo. Kuchungulia dirishani, namwona fundi ananing'inia kwa kamba juu ya mti wa Bwana Tveit, msumeno wa mashine mkononi, na tawi moja liko chini tayari. Nilitoka mbio na gauni la kulalia na gambuti, nikaukumbatia ule mti kwa nguvu zangu zote, na ndipo gome liliponichana kiganja. Nikampigia fundi kelele ashuke. Akaniambia mama, hebu toka hapo, mimi nimeitwa kazini. Nikamwambia basi anianze mimi. Akajibu kwamba hilo halikuwemo kwenye mapatano.

Bwana Tveit akatoka na kofia yake ya sufu, barua yako mkononi. Unamjua, maneno kwake ni ya kuhesabu. Akaniuliza kwa upole nataka nini tena, maana ameandikiwa kwamba asipouondoa mti kabla ya tarehe kumi hatua kali zitachukuliwa, na tangu aisome hajapata usingizi. Akasema hataki ugomvi na jirani. Kama mti umenisumbua miaka kumi na mmoja, basi na uende, japo marehemu mkewe Agnes ndiye aliyeupanda kwa mikono yake, ukiwa mwembamba kama mpini wa ufagio.

Lucille, sikujua! Miaka yote hiyo nautukana mti ule na sijawahi hata siku moja kuuliza nani aliupanda. Moyo uliniuma, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa kaa chini nikwambie, na usinikatize. Majani yale hayajawahi kunitesa. Mwaka wa kwanza nililalamika kweli, sikatai. Bwana Tveit aliona haya, akaja na reki yake, akakusanya ya uwanja wake na ya kwangu, akayarundika nyuma ya kibanda changu ili nije niyatupe. Sikuyatupa, kwa uvivu tu. Baada ya miaka miwili nikachimbua chini ya rundo nikakuta mboji nyeusi, laini, inanukia msitu. Nikaimwaga kwenye tuta la karoti. Dada, zilitoka karoti nene kama mkono wangu!

Tangu hapo, kila Oktoba ninakwenda kumgongea, mkono kiunoni, nalalamika. Yeye anakusanya, mimi nipo dirishani nakunywa kahawa na kupanga nitayamwaga wapi. Mengine nayasaga kwa mashine ya kukatia nyasi na kufunika vitunguu saumu kabla ardhi haijaganda. Karoti nazilaza chini ya blanketi nene la majani. Januari nafukua theluji, nayasogeza, nazing'oa mbichi kabisa. Yanayobaki nayatia kwenye kizimba cha waya yaoze taratibu. Ule utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, niliokudanganya kwamba ni baraka ya mbegu za Mama, ni majani ya Bwana Tveit. Na zile barua za machozi nilizokuwa nakuandikia, ni kwa sababu nilinogewa kuhurumiwa.

Yote haya niliyamwaga pale pale chini ya mti, na fundi huko juu kazima mashine asipitwe na neno. Nilipomaliza, fundi akauliza jamani, nakata au nashuka? Bwana Tveit akamwambia ashuke. Kisha mzee akaniuliza kama na karoti ninazompelekea kila Krismasi ni za hayo hayo majani. Nikasema ndiyo. Akasema zilikuwa tamu. Nikaapa kwamba kuanzia sasa nitakusanya mwenyewe, wala sitamgongea tena mlango.

Ndipo aliposhtuka. Akaniomba, Lucille, alinisihi kabisa, nisiache. Akasema tangu Agnes afariki, kila anayegonga mlango wake anagonga kwa huruma. Anakuja na bakuli la chakula, kichwa kakiinamisha upande. Mimi peke yangu ndiye ninayemgongea kwa hasira, kama mtu anayegongea mlango wa mtu mzima mwenye nguvu zake.

Nililia, dada, nje mchana kweupe, na lile gauni la kulalia. Kisha nikajifuta pua kwa mkono wa gauni, nikamuuliza amesimama anangoja nini, au anadhani majani ya upande wangu yatajikusanya yenyewe? Alikwenda kuchukua reki karibu akimbie.

Nisalimie sana shemeji Walt, na umkanye asikusomee barua hii kwa sauti mbele ya wageni. Mungu akutunzie hilo goti.

Ni mimi mdogo wako, mwongo lakini akupendaye,

Bernadine