Meza Ndefu ya Bawshar

Ijumaa, 24 Oktoba

Chai ya asubuhi nimeinywa dirisha wazi, kiyoyozi kimezimwa. Mara ya kwanza tangu Aprili. Joto limevunjika. Maana yake mialiko ya Ijumaa imeanza tena, familia nzima, nyumba kwa nyumba.

Leo zamu ya wifi yangu Sharifa, kule Sib. Dada wa marehemu mume wangu. Kaipamba meza yake kwa kila pambo la Kizungu la msimu huu lililoko madukani: maboga ya plastiki, majani mekundu ya kitambaa, mishumaa isiyowaka. Nimekaa Unguja, Mombasa, Kairo na sasa hapa Bawshar, Maskati. Jani jekundu nalijua la mti wa mkungu tu, nalo huanguka lipendapo, halingoji mwezi wa kumi.

Hapana aliyeketi kwenye meza hiyo. Ndiyo desturi yetu sote: meza ya kuangaliwa, chakula chini. Mkeka unatandikwa, masinia yanashushwa, watu wanayazunguka. Sisi tulioharibika magoti tunawekwa vitini ukutani, kila mtu na sahani mapajani. Leo tulikuwa wazee wanne, Sharifa akiwa mmojawapo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kama tunaongoja daktari. Vicheko vyote vilikuwa chini.

Baada ya kahawa Sharifa katangaza kuwa nyumba zimetuchosha. Zamu yangu, tarehe 14, iwe ya mwisho, kisha tuhamie hotelini. Kila mtu atapata kiti. Nikasema kwangu pia kila mtu atapata kiti. Meza moja, wazee na watoto.

"Meza yako ya watu wanane, wifi? Tutapakatana?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Sikufurahi hata kidogo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hotelini kila mtu huinuka na sahani yake kwenda kupanga foleni. Huo si mlo, ni safari. Wazee watakaa na wazee, watoto na simu zao. Mwaka wa pili nusu hawatakuja.

Nataka kula na watu, si kando ya watu. Nimeliandika ili nisijidanganye kwamba ninachogombania ni mapambo.

Nimepima meza. Watu wanane, tisa wakiwa wembamba. Wanawake na watoto ni ishirini na wawili. Wanaume hula majlis, chumba chao cha wageni, shida zao watazijua wenyewe.

Jumanne, 28 Oktoba

Mwanangu Salim kanipeleka mtaa wa Ghala, kwenye karakana ya seremala. Mkenya, jina lake Otieno, kijana mwenye mabega ya mchukuzi na sauti ya imamu. Nilimwambia nataka mbao mbili za kuunganishwa na meza niliyonayo, zenye miguu ya kukunja, kimo kimoja. Akapiga hesabu kwa kidole hewani.

"Mama, hii ni meza ama ni barabara ya kwenda Sohar?"

"Ni meza. Na uipige msasa sawasawa, watu wangu wana mabuibui ya bei."

Alicheka mpaka akakaa. Salim hakucheka. Njiani akaniuliza masofa ya ukumbini yatakwenda wapi. Nikamwambia chumbani kwake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Rahma, mke wa Salim, karudi na mfuko mkubwa. Majani mekundu. Yale yale ya Sharifa, duka lile lile. Nikamshukuru na kuufunga mfuko. Kakasirika kwa adabu, na adabu ya Rahma ina kelele. Yeye ni mtu wa Batina, huku huku Omani. Kiswahili alikipata kwangu, utani kaupata kwa Salim. Nafikiri anaona nitaiaibisha nyumba. Huenda kweli.

Nimetoa sandukuni kitambaa cha meza cha mama. Kadarizi mwenyewe, asumini nyeupe juu ya nyeupe, huoni ua mpaka mwanga uje ubavuni. Nilikuwa na miaka kumi na minane tulipoondoka Unguja. Mama aliacha vyombo vya fedha, akachukua kitambaa. Sikumuuliza kwa nini. Siku zile hatukuulizana maswali.

Kitatandikwa tarehe 14. Hapo hapahitaji boga.

Jumatano, 5 Novemba

Sindano ya goti. Daktari kasema nisipande ngazi. Nyumba hii ina ngazi tatu. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Novemba

Mbao zimefika. Otieno kaja nazo mwenyewe, kazifunga, kapitisha kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Laini. Meza imeanzia dirishani na kuishia mlangoni mwa jiko. Mjukuu wangu Asya, anayesoma chuo, kailalia chali akapiga picha. Akazipeleka kwenye kundi la simu la familia. Sharifa kajibu kwa picha ya ndege ya abiria ikiruka kiwanjani.

Kitambaa bado hatujakitandika. Kwanza nataka kukifukiza udi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekiunguza.

Nilikitandaza juu ya kikapu cha fito cha kufukizia nguo, chetezo chini yake, kama tunavyofukiza nguo miaka yote. Simu ikalia. Sharifa, anataka kujua aweke nafasi hotelini ya Ijumaa ijayo au angoje. Nikabishana naye zaidi ya ilivyohitajika. Kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati, kikagusa makaa. Niliponusa, haukuwa udi tena.

Tundu la ukubwa wa sahani, katikati. Kingo nyeusi.

Nimelia. Si kidogo. Rahma alikuja, akakaa chini sakafuni karibu na miguu yangu. Sikujua kama nataka akae au aondoke. Alikaa.

Nimechukia udi, simu, Sharifa na mikono yangu. Kwa mpangilio huo.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi Asya kasema tuweke sinia juu ya tundu, nani atajua. Tukakitandika tuone. Ndipo nikaona jambo ambalo macho yangu yalikataa kuliona tangu mwanzo: hata kizima, kingefunika theluthi moja ya meza. Mama alikidarizi kwa meza ya watu wanane. Nilikuwa nataka kukivuta kifunike watu ishirini na wawili na miaka sitini. Nimekikunja. Tundu ndani.

Nikakaa mbele ya mbao tupu. Nikafikiri ya jikoni, si ya sandukuni. Nyumbani kwetu pilau ya karamu ilipofikia kupaliwa makaa, jani la mgomba ndilo lililofunika sufuria. Harufu ile ya jani likipata moto. Nikamuuliza Rahma kama shamba la kaka yake kule Barka bado lina migomba.

Kanitazama. Kisha akachukua funguo za gari bila hata kubadilisha viatu.

Karudi adhuhuri, gari zima kijani. Majani marefu kuliko Asya. Rehani, yale majani ya kunukia, fungu kwa fungu. Ndimu na matawi yake, mapera, asumini zilizofungwa kwenye kitambaa kibichi. Usoni alikuwa na vumbi na furaha. Kasema kwa Kiswahili chake, "Mama, kaka yangu anauliza tunamuoza nani."

Jani bichi hupasuka ukiligusa. Lazima ulibabue: ulipitishe juu ya moto wa jiko, polepole, mpaka rangi ikolee na ligeuke laini kama ngozi. Tulisimama watatu. Mimi nikababua, Rahma akafuta, Asya akapanga. Jani la kwanza niliunguza. Tukatazamana. Rahma akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka goti likauma.

Majani yamelala chini ya taulo mbichi. Mfuko wa majani mekundu Rahma kampa mtoto wa jirani.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeshinda. Naandika kabla sijavua nguo za wageni.

Meza ilikuwa kijani mwanzo mpaka mwisho, jani juu ya jani, mishipa yote ikielekea upande mmoja. Katikati mstari wa rehani, na ndani yake ndimu na mapera. Mbele ya kila kiti kikuba kidogo, asumini na rehani, kimefungwa kwa uzi. Sikuweka sahani. Niliweka masinia matano, moja kwa kila kundi, juu ya meza. Wali wa nazi, nguru wa kupaka, mchuzi, pilipili ya maembe. Mkeka niliufunga na kuuficha chini ya kitanda changu, mtu asije akajaribiwa.

Walipoingia walisongamana mlangoni kutazama. 

Sharifa alisimama mlangoni na fimbo yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wifi, umeolewa na Muhindi hutuambii?"

"Karibu harusini. Kiti chako kile, katikati."

"Na sahani yangu?"

"Una mkono."

Alikaa. Kitinda mimba wa mpwa wangu alibanwa upande wake wa kulia, mtoto wa miaka mitano anayekula kama tingatinga. Dakika ya kwanza Sharifa aliokota wali kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kuchafua jina. Kisha nikaona anammegea mtoto samaki, anamtolea miba. Kisha mtoto anamsukumia ndimu. Kisha wanagombania ukoko. Kasahau kabisa kuwa anatazamwa. Amekula na mtoto kutoka sinia moja, na hajafanya hivyo tangu alipobadilishwa goti, naye ndiye aliyewalea nusu ya waliokuwa pale.

Mvuke wa wali uliyapasha majani na chumba kizima kikanuka harufu ile ya nyumbani. Binamu yangu, ambaye tangu amefiwa hasemi, kanena neno moja: "Kisimamajongoo." Mtaa wetu wa Unguja. Kisha akaendelea kula. Sisi wazee wenzake mle ndani tulijua alikokuwa. Vijana walitaka kujua, na wakaelezwa, na maelezo yakachukua saa nzima, kila mzee akimsahihisha mwenzake nani alikaa nyumba ipi.

Majlis wanaume walisikia vicheko. Salim kachungulia, akasema wao wana njaa ya habari. Tulimfukuza.

Viti vya ukutani havikuwapo. Nilivihesabu mezani.

Wakati wa kahawa Sharifa kachukua simu, akapiga hotelini mbele yetu, kwa Kiarabu cha ofisini, akaivunja nafasi; kumbe alikwishaiweka. Kisha akanigeukia. Kasema Ijumaa ijayo ni kwake tena, na anataka mbao.

Nikamwambia aje azichukue mwenyewe. Nilitamba. Nna miaka sabini na tisa, nna haki.

Jumamosi, 15 Novemba

Majani yamekwenda kwa mbuzi wa jirani. Mbao hazijachukuliwa bado. Zimefutwa, zina harufu ya samaki kidogo na seremala kidogo.

Nimekaa mwisho wa dirishani, chai na kitabu. Ukumbi mtupu, meza inakwenda mbali. Sikufungua kitabu.

Rahma kashuka na kikombe chake. Viti ishirini na kimoja vitupu. Akaja akakaa cha karibu yangu, tukanywa chai.